Maana ya jina la Kiebrania: usadiki andiko au kamusi?

Mjadala huu hauishi: Samweli ni "nimemwomba kwa Bwana", kama mama yake, Hana, anavyosema katika 1 Samweli 1:20, au "jina lake ni Mungu", kama zinavyosema kamusi?

Kwa urahisi, andiko linashinda. Biblia unayo tayari; kamusi nzuri za Kiebrania nyingi ni za Kiingereza au Kijerumani, na zinakudai ujue herufi.

Kwa asili ya neno, kamusi ina nguvu zaidi. Maelezo ya Biblia mara nyingi hufuata mlio. Binti Farao alimwita Musa kwa sababu alimtoa majini (Kutoka 2:10), lakini umbo Moshe kwa Kiebrania ni "atoaye", si "aliyetolewa". Wataalamu wengi wanaona humo neno la Kimisri la kuzaliwa, lile lililomo katika jina la Farao Thutmose. Ila kamusi nazo hubishana. Hata Samweli wengine humsoma "jina la Mungu".

Kwa kuelewa hadithi, hapo kamusi haifui dafu. Rudi kwa Hana: mstari wa 28, anapomtoa mtoto, Kiebrania kinasema "shaul" ("aliyeombwa"), herufi zilezile za jina la Sauli, mfalme atakayepakwa mafuta na mtoto huyohuyo. Mwandishi anacheza, na mchezo ni mtamu.

Unaandaa mahubiri? Anza na andiko. Unaandika makala ya historia ya lugha? Kamusi kwanza. Unatafutia mtoto jina? Lolote litakufaa, mradi usimwambie bibi yake kwamba ndiyo maana pekee.