"Kaka, hiyo ni bei ya chupa"

Sijui nianzie wapi, maana bado nina hasira. Siku si nyingi zilizopita nilimpeleka shemeji yangu, yuko likizo kutoka Mwanza, kwenye mgahawa mmoja Masaki, upande wa baharini. Chakula sikisemi. Pweza alikuwa laini, basi. Nina neno na kile kitabu cha waini na kijana aliyetuletea.

Kitabu kizito, jalada la ngozi. Ndani majina matupu: Chablis, Sancerre, Chianti. Hakijasema ipi nyeupe ipi nyekundu, ipi kavu ipi tamu. Nikaweka kidole kwenye Chablis, nataka tu kuuliza ni zabibu gani hiyo. Sijafungua mdomo, kijana akainama: "Kaka, hiyo ni bei ya chupa, siyo ya glasi." Meza ya pili wamesikia. Halafu akafunua ukurasa wa mwisho, wa soda na juisi, akauacha wazi mbele yangu.

Mbele ya shemeji yangu, jamani!

Na shati nilikuwa nimepiga pasi. Wazungu wawili waliokaa jirani aliwaeleza mstari kwa mstari, huku anacheka nao.

Kwa hasira nikaagiza Pinotage ya Stellenbosch, waini nyekundu ya Afrika Kusini, ndilo jina pekee nililolijua. Chupa ikaja imeshafunguliwa. Hapo nikapanda kabisa. Hata sisi tusio wataalamu tunajua chupa inaletwa na kizibo chake, unasoma jina na mwaka, ndipo inafunguliwa ukiona. Na kile kidogo unachomiminiwa kwanza si cha kuulizwa kama umeipenda. Unanusa kama kizibo kimeiharibu, maana ikiharibika inanuka boksi lililoloa. Nikatazama lebo: mwaka tofauti na ule wa kwenye kitabu!

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa kaunta. "Samahani sana kaka yangu," akaichukua ile chupa, akaleta nyingine yenye kizibo. Kisha akafungua kile kitabu. Wafaransa, akasema, kwenye lebo wanaandika jina la mahali. Afrika Kusini wanaandika jina la zabibu. Chablis ni zabibu ya Chardonnay. Sancerre nyeupe ni Sauvignon Blanc. Chianti ya Italia, sehemu kubwa ni Sangiovese. Dakika mbili tu, nikaanza kusoma mwenyewe! Akanionyesha na Chenin Blanc, waini nyeupe, ya bei yangu, na bei hakuitamka. Aliigusa kwa ncha ya kalamu, shemeji hakujua lolote. Huyo ndiye mhudumu.

Nikamuuliza, na ya Dodoma? Kule zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, nyinyi hamna hata mstari mmoja? Akasema wateja hawaulizi. Si ndiyo nimeuliza!

Nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Kwa ajili ya yule dada nikapandisha hadi nne, na pengine ningerudi wiki hii hii kujaribu hiyo Sancerre.

Ndipo kijana akaleta bili: Pinotage, chupa mbili.

Ikafutwa, sawa. Lakini nimerudi kwenye moja. Shemeji anasema niwape mbili, kwa sababu ya pweza.