Uzoefu wangu: daktari wa kupima seliaki hapa Dar es Salaam

Nampa nyota nne. Ni bingwa wa mfumo wa chakula na ini katika hospitali binafsi, na nilianza kumwamini alipouliza, kabla hata ya kugusa tumbo: "Chapati na mkate bado unakula?"

Seliaki ni ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Vipimo vyake hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni inaingia. Ukishaacha ngano kwa miezi, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu hutoka safi hali ugonjwa upo. Aliyekwisha kuacha hurudishwa kwenye ngano kwanza: zaidi ya mlo mmoja wenye ngano kila siku kwa angalau wiki 6, kwa mfano slesi mbili za mkate, ndipo atolewe damu. Kama dalili zinamzidia, amwambie daktari, asiache kimyakimya. Daktari anayesema "acha ngano tuone" kabla ya kupima anakuharibia vipimo.

Kwenye damu huagizwa tTG-IgA, yaani kingamwili ya seliaki ya aina ya IgA, pamoja na jumla ya IgA yote mwilini. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Kati ya wenye seliaki 100, kama 2 au 3 hawana IgA ya kutosha, hivyo tTG-IgA yao inaweza kutoka hasi kwa uongo. Hao hupimwa kwa IgG, aina nyingine ya kingamwili. Soma fomu kabla ya kulipa dirishani. Maabara moja ilitaka kuniuzia "kipimo cha mzio" chenye orodha ndefu ya vyakula. Hicho hakigundui seliaki, na bei yake inauma. Kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8 nacho kina kazi moja tu, kuuondoa ugonjwa kwenye orodha: wenye jeni hizo ni wengi, na walio wengi kati yao ni wazima.

Endoskopi, yaani kamera inayoshushwa kupitia mdomoni hadi kwenye utumbo, ndiyo ya kuulizia maswali. Uliza watachukua vinyama (vipande vidogo vya ukuta wa utumbo) vingapi. Jibu linaloridhisha ni vinne au zaidi kutoka duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na kimoja au viwili kwenye balbu, pale inapoanzia. Uharibifu hukaa kwa mabaka, kwa hiyo kinyama kimoja kinaweza kuangukia penye uzima, na kamera pekee inaweza kuonyesha ukuta usio na kasoro. Ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa vinyama hivyo, itaje daraja la Marsh, linaloonyesha utumbo umeharibika kiasi gani. Huku kwetu kuna jambo jingine: giardia (kimelea cha utumbo), VVU na matatizo mengine ya utumbo pia yanaweza kufanya vinyweleo vya utumbo vilale kama vinavyolala kwenye seliaki. Daktari huyu alitaka kipimo cha choo na VVU mapema, na hakutoa jibu kwa kinyama peke yake. Hapo ndipo ubingwa unapoonekana.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya mapokezi. Hawasemi kwamba damu hupelekwa nje ya nchi na majibu huchukua muda, wala kwamba patholojia hulipiwa mbali na endoskopi. Dai bei zote mbili kwa maandishi, hasa ukitumia bima.

Akithibitisha, hukupeleka kwa mtaalamu wa lishe na kupanga tTG irudiwe baada ya miezi 6. Ataulizia pia mashine unakosagisha: ikisaga na ngano, unga wako wa ulezi na mahindi hauko salama.