ProRAW ya JPEG XL kwenye iPhone 16 Pro: uzoefu wangu wa kuihariri

Jina la faili halikuambii kilichomo ndani, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Tangu iPhone 12 Pro ya mwaka 2020, picha za ProRAW (RAW ya Apple, yenye data nyingi zaidi ya kuhariri kuliko JPEG) huhifadhiwa kama DNG, aina ya faili ya RAW iliyobuniwa na Adobe. Kwenye iPhone 16 Pro bado ni DNG, ila data ya ndani sasa inaweza kubanwa kwa JPEG XL, njia mpya ya kubana picha, badala ya JPEG ya zamani. Ndiyo maana faili mbili zinazoishia na .DNG zikitoka kwenye simu moja, ya kwanza inafunguka na ya pili inagoma.

Uchaguzi wenyewe uko Settings, Camera, Formats. Washa ProRAW & Resolution Control, kisha ingia ProRAW Format. JPEG Lossless ndiyo ya zamani: picha ya megapikseli 48 hufika MB 75 hivi. JPEG-XL Lossless huishusha hadi MB 46 hivi bila kupoteza chochote. JPEG-XL Lossy, inayotupa sehemu ya data, huifikisha MB 20. Zidisha kwa picha 1,000, unapata GB 75, 46 au 20. Kwa mwenye simu ya GB 128, hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama RAW itabaki imewashwa au la. Kumbuka tu kwamba ukipiga kwa Night mode au flashi unapata megapikseli 12, hata kama umechagua 48.

Mimi naiacha kwenye JPEG-XL Lossless. Lossy ni nzuri kuliko nilivyotarajia, na kwa picha za mchana zisizohitaji marekebisho makubwa sioni sababu ya kuikataa. Udhaifu wake hujitokeza ukiinua vivuli kwa stopu tatu au zaidi (kila stopu ni mwanga mara mbili) kisha ukatazama kwa asilimia 100: nywele na nyuzi za kitambaa huanza kulainika. Kwa harusi za ukumbini, penye suti nyeusi na taa za rangi, usiitumie.

Jambo jingine: ProRAW si RAW ghafi kama ya kamera kubwa. Simu imeshaunganisha fremu kadhaa na kupunguza chengachenga (noise) kabla ya kuhifadhi. Ukifungua kwenye kompyuta, shusha kwanza upunguzaji wa chengachenga hadi sifuri, la sivyo ngozi inakuwa kama plastiki. Ndani ya faili pia kuna ramani ya mwanga inayoelekeza sehemu zipi zing'arishwe. Programu isiyoisoma itakuonyesha picha yenye giza na isiyo na uhai. Picha haijaharibika, inua mwanga na vivuli kwa mkono.

Sasa utangamano. JPEG XL iliingia kwenye DNG kwa toleo 1.7 la mwaka 2023, hivyo programu iliyoachwa bila kusasishwa tangu kabla ya hapo haina namna ya kuisoma. Lightroom na Camera Raw za sasa, programu za Adobe za kuhariri RAW, zinasoma, na Photos ya iOS 18 na macOS Sequoia pia. Anayeumia ni mwenye kompyuta ya zamani isiyopokea masasisho.

Programu ikikataa na kutoa ujumbe wa kosa, una bahati, maana tatizo unaliona. Hatari ni ile inayoshindwa kimyakimya na kufungua JPEG ya kuonyeshea iliyofichwa ndani ya DNG. Unahariri ukidhani ni RAW, halafu anga linapasuka kuwa mistari ya rangi. Jaribu hivi: shusha Exposure kwa stopu mbili. Mawingu meupe yakigeuka kijivu kitupu bila umbo lolote kurudi, huenda unahariri JPEG. Angalia pia kama mizani ya weupe (white balance) inaonyesha Kelvin, kipimo cha joto la rangi; ikionyesha namba kuanzia sifuri tu, shuku. Kujua kwa uhakika faili imebanwa kwa njia gani, tumia ExifTool, programu inayosoma taarifa za ndani ya faili:

exiftool -a -G1 -Compression -DNGVersion IMG_0001.DNG

Ukiona JPEG XL na 1.7, faili hiyo ni ya JPEG XL na programu ya zamani haitaisoma.

Dawa ni Adobe DNG Converter, ya bure kwa Windows na Mac. Kwenye Preferences, sehemu ya Compatibility, chagua Custom na toleo lililo chini ya 1.7, na uache mbano wa lossy umezimwa. Faili itanenepa tena, hilo halikwepeki. Usifute ya awali. Na usitegemee kwamba kubadili faili ya Lossy kutarudisha kilichokwisha kutupwa.

Uhamishaji nao una mitego. WhatsApp ukituma kama picha inakupa JPEG iliyobanwa. Tuma kama Document. Kwa AirDrop, gusa Options na uwashe All Photos Data. Kwenye Photos ya Mac tumia File, Export, Export Unmodified Original, kwa sababu Export ya kawaida hutoa picha iliyokwisha kupikwa.

Kazi ikiisha, mteja mpe JPEG, na wa kuchapisha mpe TIFF ya biti 16. Usimpe mtu faili ya .jxl (picha ya JPEG XL yenyewe) bila kumuuliza: Safari husoma tangu toleo 17, lakini Chrome iliondoa majaribio yake ya JPEG XL kwenye toleo 110, mwaka 2023, na mteja asiyeona picha atakuambia hujatuma kitu.