MAF au MAP: ipi inafaa zaidi nyanda za juu?

Ukipanda Kitonga kuelekea Mbeya, hewa inapungua. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, lazima ijue ili ipunguze petroli. Huambiwa na sensa ya hewa, ambayo ni MAF au MAP.

MAF hukaa baada ya filta ya hewa na hupima uzito wa hewa yenyewe kwa waya wa moto, kwa hiyo mwinuko hauisumbui. Adui wake ni vumbi. Waya ukichafuka, husoma hewa pungufu, petroli inakuwa kidogo, gari linakosa nguvu mlimani. Isafishe kwa spreyi yake maalumu. Brashi hukata waya. Mpira wa hewa ukipasuka baada ya sensa, dalili hizohizo.

MAP hupima presha ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini, na kontroboksi hukadiria hewa kwa kutumia pia joto la hewa na mzunguko wa injini. Vumbi haliisumbui sana. Ikitumia kipira cha vakyumu kuiunganisha na manifoldi kisha kikapasuka, husoma presha kubwa: moshi mweusi, petroli inaisha haraka.

Ukiwasha swichi bila kupiga stata, MAP mjini Mbeya husoma takriban kilopaskali 82. Fundi aliyezoea 101 za Dar asikimbilie kuibadilisha, ni nzima.

Mwinuko zote mbili huumudu, kwa hiyo kinachoamua ni vumbi: kwa barabara za vumbi, bora MAP.