Kamera za nje ya nyumba: usizipime mchana, zipime saa nane usiku

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani kuna kamera tatu za nje. Hii nyeupe ni ya Wi-Fi, inatumia adapta ya volti 12. Hii ya pili ina betri na kipaneli cha sola. Hii ya tatu ni ya waya, ya PoE, yaani umeme na picha vinapita kwenye waya mmoja wa mtandao, inakwenda na rekoda yake. Ukiingia Kariakoo, au Luthuli kwa walioko Nairobi, utatajiwa chapa nyingi, Tapo, Ezviz, Imou, Reolink, Hikvision, Dahua, lakini mwishowe utaangukia kwenye mojawapo ya hizi aina tatu.

Maboksi sifungui. Kila kamera ni nzuri siku ya kwanza, mchana, jua linawaka. Tunachotafuta ni itakavyokuwa saa nane usiku, masika yakiwa yamepita na chumvi ya bahari imeshakaa kwenye skrubu.

Megapikseli kwanza, maana ndizo watu wanazoulizia. Hii ni ya megapikseli 4, picha yake ina nukta 2,560 kwa upana. Lenzi yake ni milimita 2.8, inaona upana wa nyuzi 100 hivi. Mtu akisimama mita tano mbele yake, eneo zima linaloonekana hapo lina upana wa karibu mita 12. Gawanya 2,560 kwa 12, unapata nukta 213 kwa mita moja. Viwango vya CCTV vya Ulaya vinataka nukta 250 kwa mita ndipo uweze kumtambua mtu usiyemjua. Maana yake sura unaipata mpaka mita nne na kitu, basi. Mbele ya hapo una kijana mwenye fulana nyekundu, na vijana wenye fulana nyekundu ni wengi. Lenzi ya milimita 4 inakufikisha mita sita, ya milimita 6 inakufikisha kama kumi. Kwa hiyo kama geti liko mita tisa kutoka barazani, usimwongezee muuzaji hela ya 4K, yaani ya megapikseli 8, ambayo kwa lenzi ileile pana itaishia mita sita na kidogo. Mwambie akupe lenzi ya milimita 6, au peleka kamera getini.

Na urefu wa kuifunga: mita mbili na nusu, tatu zikizidi sana. Mafundi wengi wanapenda kuiweka juu kabisa chini ya paa isiibiwe. Haitaibiwa kweli, ila itakuwa inarekodi kofia.

Sasa usiku, na hapa tukae kidogo. Kamera ikikosa mwanga inawasha taa zake za infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Tazama hii picha ya kwanza: ukungu mweupe, katikati huoni kitu. Lenzi haijaharibika. Kamera imefungwa karibu mno na fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, iliyopakwa rangi nyeupe, mwanga wake unagonga ubao na kurudi kwenye lenzi. Ishushe sentimita 15 au iinamishe mpaka ubao na bomba la maji ya mvua visionekane hata kwenye pembe ya picha. Kosa hilohilo linatokea kwenye kamera za kuba, zile zenye bakuli la plastiki: vumbi likishakaa kwenye bakuli, mwanga unasambaa humo ndani. Kwa nyumba zetu chagua ile ya duara iliyo kama jicho, isiyo na bakuli mbele.

Picha ya pili, huu uzi mnene mweupe unaocheza ni utando wa buibui. Wadudu wanaozunguka kamera usiku wanamvuta buibui, na mjusi naye anafuata chakula. Utando ulio sentimita tano kutoka kwenye lenzi unamulikwa vikali kuliko mtu aliye mita tano, upepo ukiupuliza kamera inaona mwendo, na simu yako inalia usiku kucha. Ndiyo maana watu wanazima arifa baada ya wiki mbili, na kamera isiyo na arifa imebaki kuwa pambo. Dawa yake ni brashi laini ya kupakia rangi, kila wiki, kupita pande zote za kamera. Dawa ya mbu usipulizie kwenye kioo, inaacha mafuta. Ila dawa kubwa zaidi ni kuwasha balbu ya LED ya wati 9 mita mbili tatu pembeni, kisha kuzima infraredi kwenye mpangilio. Wadudu wanahamia kwenye balbu, na picha inabaki na rangi usiku kucha.

Haya, kuna ugonjwa mmoja unaosumbua mafundi mno: kamera mchana safi, ikifika saa moja jioni inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Fundi anabadilisha kamera, tatizo linabaki. Hesabu yake ni hii. Mchana inakula kama ampea 0.25. Taa za usiku zikiwaka inakwenda ampea 0.6. Ukitumia jozi moja ya nyuzi za waya wa mtandao kupeleka volti 12 umbali wa mita 30, kwenda na kurudi una ukinzani wa ohm 5. Mchana unapoteza volti 1.25, kamera inapata 10.75 na inavumilia. Usiku unapoteza volti 3, inabaki na 9, inakata. Ikikata, taa zinazimika, volti zinapanda, inawaka upya, inarudia. Unganisha jozi mbili kwa pamoja, yaani nyuzi mbili za chanya na mbili za hasi, upotevu unakuwa nusu. Au sogeza adapta karibu na kamera.

PoE haina ugonjwa huu kirahisi kwa sababu swichi yake, kile kiboksi kinachounganisha waya za kamera, inatuma volti 48 hivi, ampea zinakuwa kidogo, na waya unaweza kufika mita 100. Lakini waya wenyewe uwe shaba. Nasogeza huku kwenye kamera mwone vizuri. Huu uzi nauparua kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Hii ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa kwa zaidi ya nusu kuliko shaba tupu, na ukiukunja mara tatu nne unakatika. Nenda dukani na wembe wako, muuzaji akununie tu.

Tukiwa bado kwenye waya, angalia hiki kiungio. Huu ukijani kwenye meno ya dhahabu ni kutu ya shaba. Kamera imeandikwa IP66, maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa nguvu hayaingii, lakini hiyo ni kamera. Mkia wake unaoning'inia nyuma, pale waya unapochomekwa, una kofia ndogo ya plastiki yenye mpira, na fundi mara nyingi ameitupa pamoja na boksi. Kofia irudishwe, kiungio kizungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, kisha kifichwe kwenye boksi la maungio. Selotepu nyeusi haitoshi, inakamata maji ndani. Na kabla waya haujaingia ukutani, uache ushuke chini kidogo kama tumbo ndipo upande, ili mvua idondokee hapo isifuate waya mpaka ndani. Mkiwa karibu na bahari, skrubu zinazokuja kwenye boksi tupeni. Wekeni za chuma kisichoshika kutu.

Ya sola sasa. Faida yake ni moja na ni kubwa: huhitaji kuchimba ukuta. Lakini ielewe. Nyingi zake hazirekodi muda wote, zinalala. Kinachoziamsha ni kihisi cha joto kinachotafuta tofauti kati ya mwili wa mtu na vilivyo nyuma yake. Saa saba mchana, ukuta ukiwa umepigwa na jua mpaka una joto karibu na la mwili, tofauti hiyo inapungua na mtu anaweza kupita bila kuonekana. Tena kihisi hiki kinamwona haraka anayekatisha mbele yake, anayekuja moja kwa moja kinachelewa kumwona. Kwa hiyo iweke pembeni ya njia, isitazamane na geti. Kipaneli kiwe na waya wake mrefu, kikae juani, kamera yenye betri ikae kivulini, kwa sababu betri ya lithiamu inazeeka haraka kwenye joto. Kwa Dar es Salaam, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi mpaka kama tarehe 10 Oktoba, basi kielekeze kaskazini, kiiname nyuzi 10 mpaka 15 ili mvua isafishe vumbi. Kwangu hii ni kamera ya kiwanja kisichojengwa au banda la kuku. Geti la nyumba ya kuishi silikabidhi kwa kamera inayolala.

Uhifadhi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula GB 21.6 kwa siku, kadi ya GB 128 inajaa ndani ya siku sita kisha inaanza kufuta za nyuma. Chukua kadi iliyoandikwa kuwa ni ya kamera za ulinzi, na kabla ya kuipandisha juu ijaze yote kwenye kompyuta kwa programu kama H2testw. Kadi bandia inajitangaza GB 128 wakati ndani ina 32. Bando nalo: kutazama moja kwa moja kwa ubora wa juu ni MB 15 kwa dakika, saa moja ni MB 900. Kwenye programu badilisha uwe wa chini, kilobiti 512, inashuka chini ya MB 4 kwa dakika. Kujua nani anagonga geti hapo panatosha.

Umeme ukikatika? Watu wananunua UPS ndogo ya rauta iliyoandikwa mAh 8,800 wakidhani ni nyingi. Hizo zimehesabiwa kwa volti 3.7, yaani kama wati-saa 32. Rauta na kiboksi cha faiba vikila wati 10, una saa tatu kwenye karatasi, mbili na nusu kwenye maisha. Na kamera zenyewe hapo hujazihesabu. Hapa PoE inapendeza tena: swichi, rekoda na rauta viko sehemu moja, betri moja kubwa inavishika vyote.

Kwa hiyo mwenye nyumba yake na anayejenga sasa hivi, pitisha bomba za waya kabla ya lipu, weka PoE. Mpangaji, chukua ya Wi-Fi, ila pima mtandao palepale utakapoifunga kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz. Nondo na matofali vinaua mawimbi.

Kabla hujashuka kwenye ngazi, malizia haya. Badilisha nenosiri la kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rekoda kwa maelfu kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani. Ziba uani kwa jirani kwa ule mstatili mweusi ulio kwenye mpangilio. Ugomvi wa ukuta mnaujua, na sheria nayo ipo, Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na saa: kamera nyingi zinakuja na saa ya China, GMT+8. Weka GMT+3. Tukio la saa tisa usiku likisomeka saa mbili asubuhi, utakuwa na kazi ya kumweleza polisi.