Uzoefu wangu: kifaa cha kifafa kilichojipandisha umeme nikiwa darasani

Nina kifafa tangu nikiwa darasa la sita. Mwaka juzi nilipandikizwa kifaa Chennai, India. Kimekaa chini ya mtulinga wa kushoto, waya wake umezungushiwa neva ya vagasi shingoni, yaani mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na koo na viungo vya ndani. Kinapiga umeme sekunde 30, kinapumzika dakika 5, usiku na mchana. Umeme ukikatika hapa Tabata, wanangu hunitania: "Mama, si unao wako?"

Kilichonivutia ni ratiba. Daktari anapanga viwango mapema kwenye kishikwambi, ukirudi nyumbani kifaa kinajipandisha chenyewe. Nilianza na nguvu ya umeme ya miliampia 0.25, ikawa inaongezeka 0.25 kila wiki mbili. Mwanzoni ni kikohozi tu. Ilipofika 1.25, nikiwa nawasomea watoto imla, sauti ikakauka katikati ya sentensi kama jogoo mwenye mafua. Ikarudi. Dakika 5, tena. Darasa la nne waliung'amua mpangilio kabla yangu, wakawa wananihesabia.

Hapo ndipo nilipouona ubaya wake: kupanda kinapanda, kujishusha hakiwezi, na mwenye kukishusha yuko ng'ambo ya bahari. Kwa simu haiwezekani, lazima kisomeo, kile kinachounganisha kishikwambi cha daktari na kifaa, kiwekwe kifuani. Mimi nilikuwa na sumaku niliyopewa pamoja na kifaa tu. Ukiipitisha haraka juu ya kifaa unapohisi dalili za kuanguka, kinapiga mpigo wa ziada. Ukiiacha hapohapo, kinanyamaza. Basi nikawa naibandika kwa plasta kipindi kikianza, naibandua kengele ikilia. (Usiiweke mkoba mmoja na kadi ya benki. Yangu ilikufa.)

Niliporudi Chennai nilidhani watakishusha tu. Daktari alikirudisha 1.0, lakini akapunguza pia urefu wa kila mdundo mdogo wa umeme ndani ya zile sekunde 30, kutoka mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 500 hadi 250, kisha akapanga ratiba mpya ya hatua moja kwa mwezi. Leo niko 1.5, juu ya pale paliponishinda, na imla naisoma hadi mwisho, japo sauti inazama kidogo. Nilikuwa naanguka kama mara nane kwa mwezi, sasa ni tatu. Vidonge bado nameza.

Nyota nne. Ya tano imeliwa na nauli ya ndege. Kabla hujasaini, muulize daktari wako: nikiwa Dar, nani atakishusha?