Enameli ya Limoges na ya Konstantinopoli

Zote mbili ni unga wa kioo cha rangi ulioyeyushwa tanurini juu ya madini. Tofauti iko kwenye vyumba vinavyoushika unga huo.

Konstantinopoli (Istanbul ya leo) walitumia dhahabu yenyewe. Utepe mwembamba wa dhahabu ulisimamishwa kwa ubavu, ukakunjwa kufuata nyusi, kidole, mkunjo wa kanzu, ndipo unga wa kioo ukajazwa katikati. Pala d'Oro, bamba la dhahabu la madhabahuni huko Venice, imejaa picha za namna hiyo, na kwa wepesi wa mkono sijaona zinazoishinda.

Limoges, Ufaransa, karne ya 12 na 13, fundi alichimba vishimo kwenye bamba nene la shaba, akavijaza kioo, akachoma, akasugua, kisha akapaka dhahabu kwa zebaki pale shaba ilipobaki wazi. Shaba ni ya bei rahisi, kwa hiyo vitu hivi vilienea makanisani kote Ulaya.

Hata hivyo, mimi moyo wangu uko Limoges. Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury, Uingereza, aliuawa 1170. Haikupita miaka mingi, kifo chake kikawa kwenye masanduku ya masalia ya watakatifu, panga zimeinuliwa, nyuma yake buluu nzito. Kingoni dhahabu imelika, na wekundu wa shaba unachungulia.